Tumpelekee Nini Mtoto Aliyelazwa Hospitalini?

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo walivyosema wazee. Walakini mtoto akishikwa na ugonjwa mkubwa, kijiji kizima huguswa. Habari hushuka bondeni na kupanda mlima wa pili kabla jua halijatua: mtoto wa fulani amelazwa Lushoto, sasa wamempeleka Bombo, kule Tanga, sasa wanasema ni Muhimbili. Jumapili ifuatayo jumuiya hukutana, mchango hupita, na mtu mmoja hutumwa sokoni. Hapo ndipo swali linapoanza: tumpelekee nini?

Kwa kulisikia tu, swali hili ni dogo. Lakini wako watu wema waliosafiri tangu alfajiri, kutoka hapa Rangwi hadi Lushoto, wakashuka kwa Soni na Mombo, wakapanda basi la barabara kuu, wakafika wodini wamechoka, na kikapu chao kikazuiwa mlangoni. Mwuguzi hakuwa na ubaya. Yaliyomo yangeweza kumdhuru mtoto. Fedha za watu zimekwenda, na mtoto hakupata kitu.

Basi, ndugu wasomaji, leo tuzungumze habari ya zawadi kwa mtoto mgonjwa sana: ipi yamfaa, ipi yamdhuru, na ipi iliyo kubwa kuliko zote ingawa haifungwi kwa karatasi.

ULIZA KWANZA

Kabla ya kununua kitu cho chote, uliza mambo matatu. Simu ziko siku hizi, hatuna udhuru. Mpigie mama yake au baba yake, au umwombe yeye amwulize mwuguzi.

La kwanza, mtoto anaumwa nini na amekatazwa nini? Mwenye ugonjwa wa figo aweza kukatazwa chumvi, na pengine hata ndizi. Mwenye ugonjwa wa moyo aweza kupimiwa maji ya kunywa. Mwenye kisukari hapewi peremende na soda ovyo. Anayengoja kupasuliwa hali kitu kwa saa kadhaa, na shangazi akimpa andazi kwa huruma, huenda upasuaji ukaahirishwa.

La pili, amelala wapi? Wodi nyingine ni ya watoto wengi, nyingine ni ya uangalizi mkubwa ambako hakuna kinachoingizwa. Tena kumbuka hali ya hewa. Sweta nene la Rangwi ni rafiki wa kweli mwezi wa Julai hapa milimani, bali Dar es Salaam litakaa chini ya kitanda.

La tatu, yeye mwenyewe apenda nini? Mtoto mgonjwa siku nzima huambiwa: lala hivi, meza hiki, nyosha mkono. Hakuna anayemwuliza atakalo. Ukimwuliza, “Wataka kofia nyekundu au ya kijani?” tayari umempa zawadi ya kwanza, maana kuna jambo moja duniani ambalo ameliamua mwenyewe.

VITU VYA KUACHA NYUMBANI

Yafaa tujue na sababu, maana mtu akijua sababu hanung’uniki.

Mtoto mwenye saratani hupewa dawa kali ambazo huua ugonjwa, lakini pia hupunguza askari wa damu, yaani zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu. Katika siku hizo homa ndogo kwetu yaweza kuwa mauti kwake. Kwa hiyo mapichesi na maplamu yetu mazuri, yaliyochumwa asubuhi na kufutwa kwa kanga, yaweza kumdhuru kwa vijidudu vilivyo juu ya ganda. Maua katika chupa ya maji vivyo hivyo, na mche katika udongo pia. Mwuguzi akikubali matunda, peleka yale yanayomenywa, kama chungwa au ndizi, yaoshwe kwanza kabla ya kumenywa.

Asali ni dawa kwa watu wengi, walakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe hata tone, maana yaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza viungo vyake na pumzi yake.

Karanga, shanga, vifungo na vibofu vya mpira vya kupuliza visipewe watoto wadogo, maana huwakaba koo. Kipande cha kibofu kilichopasuka ni hatari sana. Vile vile betri ndogo za mviringo, zilizo kama sarafu, ambazo hutiwa katika vitu vya kuchezea vinavyoimba: mtoto akimeza moja yaweza kumchoma ndani kwa saa chache tu.

Mshumaa usiwashwe wodini. Najua twapenda kusali na mshumaa, lakini mahali penye hewa ya oksijeni moto huruka upesi. Mungu husikia sala hata gizani.

Na mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, awe mjomba au katekista. Atume salamu zake kwa mwingine.

VITU VINAVYOFAA

Sasa tuje kwenye mazuri, nayo si haba, tena mengi si ya fedha nyingi.

Shati au gauni lenye vifungo mbele na mikono mipana. Mtoto aliyebandikwa sindano ya dripu mkononi hawezi kuvalishwa fulana ya kubana bila kulia. Mama ajuaye cherehani aweza kushona shati hilo kwa siku moja.

Kofia laini. Dawa za saratani huondoa nywele. Zitarudi, lakini mtoto hajui, na wenzake humtazama. Kofia ya pamba isiyowasha humfaa mvulana, na kitambaa kizuri cha kichwani humfaa msichana.

Kandambili za kumtosha, kikombe chenye mfuniko, na shuka lenye rangi ambalo atalijua kuwa ni lake. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, chupa ya maji na blanketi jepesi ni zawadi bora, maana baridi na upungufu wa maji huweza kumletea maumivu makali.

Daftari na kalamu za rangi. Kitabu cha hadithi, kipya na safi. Kwa mkubwa kidogo, karata, au dama ya ubao na vizibo vya soda vilivyooshwa na kuchemshwa. Michezo ya watu wawili ni mizuri kuliko ya mtu mmoja, kwa kuwa humletea mwenzi kutoka kitanda cha pili.

Gari la waya ambalo kaka yake amelitengeneza, ncha zote zikiwa zimekunjwa ndani zisimchome. Mwanasesere wa nguo ambaye bibi amemshona, ajazwe vitambaa safi, asijazwe maganda ya mahindi wala nyuzi za mkonge, na aweze kufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Mwanasesere wa namna hii hufanya kazi kubwa: mtoto humchoma “sindano”, humfunga bendeji, humwambia asilie. Kwa njia hiyo huutoa woga wake mwenyewe.

Tena usitoe vyote siku moja. Mtoto mgonjwa huchoka kwa furaha kama anavyochoka kwa maumivu. Kama jumuiya imepata vitu vitano, mama yake avifiche, atoe kimoja siku ya sindano, kingine siku ya kuchukuliwa damu. Haba na haba hujaza kibaba.

BARUA ZA DARASANI

Mimi leo ni karani wa parokia, lakini nilisomea ualimu, nami nawaomba walimu wa shule zetu wasikilize neno hili. Mtoto aliyelazwa miezi mitatu huona kwamba dunia imekwenda bila yeye. Dawati lake amekaliwa na mwingine. Karatasi ishirini kutoka kwa wenzake hugharimu kidogo, nazo atazisoma mpaka zichakae.

Ila mwalimu azipitie kwanza. Watoto ni wakweli mno, na mmoja ataandika, “Tumesikia kwamba utakufa, pole sana.” Wafundishwe kuandika habari: mbuzi wa fulani amezaa mapacha, tulicheza mpira na shule ya jirani tukafungwa mabao mawili, mvua imebomoa daraja la mtoni, sasa tunapita juu ya gogo. Na kila barua iwe na swali moja, “Wewe huko mnakula nini?” au “Unaiona bahari dirishani?” Mwenye kuulizwa hujibu, na mwenye kujibu yu hai katikati ya wenzake.

Kadhalika simu. Sauti ya bibi akimsimulia hadithi ya sungura kwa Kishambaa, jogoo akiwika nyuma yake, yaweza kutiwa katika simu ya mama na kusikilizwa usiku usingizi unapokataa.

MAMA ALIYE KANDO YA KITANDA

Zamani katika Uingereza hospitali nyingi ziliwazuia wazazi wasikae na watoto wao. Waliruhusiwa kuwaona kwa saa chache tu katika juma, kwa sababu mtoto alilia mama alipoondoka, na watu walidhani ni heri asimwone kabisa. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Watu wakaona kwa macho yao jinsi alivyonyamaza, na kwamba kunyamaza kule kulikuwa huzuni. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na daktari Harry Platt iliishauri serikali ya huko kwamba wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao, na mama wa watoto wadogo wakae nao.

Mama zetu huku hawakuhitaji kamati. Wao hukaa. Hulala sakafuni kwenye mkeka, au wameketi kitini wameegemeza kichwa kitandani. Lakini ni nani anayemwangalia mama? Mara nyingi kikapu cha jumuiya hujaa vitu vya mtoto, na mama amevaa kanga ile ile juma la pili.

Basi katika kila mchango, fungu moja liwe la mama au la yule anayekaa na mtoto: sabuni ya kufulia, kanga, mswaki, vocha ya simu, na fedha ya chakula. Mama akila, mtoto huuguzwa vema. Na akina mama wawili wakipokezana, yule mzazi apate usingizi wa usiku mmoja, hiyo ni zawadi isiyouzwa dukani.

Wala tusiwasahau waliobaki nyumbani. Ndugu zake mgonjwa wanakula kwa jirani, nguo zao hazifuliwi, na kila mgeni anayekuja huuliza habari za mwenzao tu. Mtoto wa miaka sita aweza kudhani kwamba yeye ndiye aliyemletea kaka yake ugonjwa kwa kuwa waligombana. Mwambieni waziwazi kwamba sivyo. Nanyi mkimpelekea mgonjwa kalamu sita, wawekeeni hawa mbili.

NAULI YA KURUDI

Sasa nafika kwenye jambo nilitakalo hasa.

Shirika la Afya Duniani husema kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika hilo liliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau 60 katika kila 100 wapone duniani kote. Wenzetu hawa wanakufa kwa nini? Sababu ni kadhaa, lakini mbili zatuhusu sisi vijijini: kuchelewa kwenda hospitali, na kuacha matibabu katikati.

Ziko saratani za watoto ambazo hupona vizuri zikitibiwa mapema mpaka mwisho. Moja ni ile ya uvimbe wa taya ambayo daktari Denis Burkitt aliiandika mwaka 1958 baada ya kuwaona watoto wengi wenye nayo huko Uganda. Uvimbe huo hukua upesi sana, na mara nyingi hupungua upesi vile vile dawa zinapoanza. Hapo ndipo hatari ilipo. Wazazi huona taya limenyooka, husema, “Mwanangu amepona,” na hawarudi. Ugonjwa hurudi wao wasiporudi.

Huko Muhimbili matibabu ya watoto wenye saratani yalihamishiwa kutoka Ocean Road mwaka 2011, na chama cha Tumaini la Maisha hushirikiana na hospitali ili familia zisishindwe kwa sababu ya gharama za dawa. Tena watoto hupata masomo na michezo wakiwa huko. Lakini kutoka Rangwi hadi Dar es Salaam ni safari ndefu, na nauli ya mzazi na mtoto, kwenda na kurudi, ni fedha nyingi kwa mkulima wa viazi na kabichi.

Miaka michache iliyopita mvulana wa kijiji kimoja cha jirani aliugua ugonjwa wa namna hii. Jumuiya zilichanga vizuri. Wengi walitaka kumnunulia baiskeli, maana alikuwa akiitamani tangu zamani, na kwa kweli ingependeza macho ya watu. Bibi yake akasimama akasema, “Wanangu, asanteni. Lakini baiskeli hiyo ataipanda nani, kama mwezi ujao hakurudi kwa daktari?”

Watu wakanyamaza. Kisha wakanunua mpira na kofia, na fedha zilizobaki wakazigawa katika bahasha, kila bahasha safari moja, tarehe ya kurudi imeandikwa juu yake. Mweka hazina alizitunza. Bahasha ya nne ilifunguliwa wakati wa kupanda, ambapo baba yake mtoto alikuwa amemaliza fedha zote kwa mbegu na mbolea, naye alikuwa amekwisha kusema kwamba safari ile ingengoja mavuno. Haikungoja. Mvulana yule sasa yuko shuleni. Baiskeli hajapata bado, na anaikumbusha jumuiya kila akionana nao.

Basi, kila mchango wa mtoto mgonjwa ugawanywe hivi: kitu kidogo cha kumfurahisha leo, kitu cha mama, na nauli ya kurudi. Kama fedha ni chache, nauli itangulie, na cha kumfurahisha kitengenezwe kwa mikono.

Tena ukiona uvimbe wa taya au tumbo, weupe unaong’aa katika mboni ya jicho, homa isiyoisha, au mtoto anayevuja damu na kupauka, usingoje. Safari ya mapema ndiyo zawadi inayopita zote hizi.

KAMA HATAPONYEKA

Wako wasiopona. Mimi huandika daftari ya mazishi pamoja na ya ubatizo, sitaki kuwadanganya.

Hapo watu wengi huacha kwenda kumwona mtoto, kwa kuwa hawajui la kusema. Nendeni. Msimwambie, “Kesho utapona,” maana naye anaujua mwili wake. Akiuliza, ajibiwe kwa upole na kwa ukweli na wale anaowapenda. La kwanza la kumpa ni kuondolewa maumivu. Dawa ya maji ya mofini si sumu wala si uchawi wa kumwua. Ikipimwa na wenye ujuzi humtuliza, naye huweza kuzungumza na kulala. Huko Uganda daktari Anne Merriman alianzisha kazi hiyo ya kuwatuliza wagonjwa mwaka 1993, na kutoka kule maarifa yameenea katika nchi nyingi za Afrika. Wazazi wamwulize daktari wao bila kuona haya.

Kisha mpeni anachokiomba, maana mara nyingi ni kidogo. Msichana mmoja hakutaka mwanasesere wala soda. Aliomba viazi vya kwao vilivyochomwa majivuni. Mwuguzi aliruhusu. Mjomba wake alivileta kutoka huku milimani vimefungwa katika kitambaa. Alikula kipande kimoja, vingine akaagiza wagawiwe watoto wa vitanda vya jirani, na kwa mkono wake mwenyewe akamwekea mama yake kimoja.

Tumwache mtoto naye atoe. Tukimpa tu kila siku, twamfanya maskini. Akitaka kumpa mdogo wake kalamu zake au mbuzi wake, tumpokelee kwa heshima, wala tusiseme, “Usiseme hivyo.”

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hakuna nyumba katika milima hii isiyoweza kutoa kitu kati ya hivi tulivyovitaja: kitambaa safi, barua ya ukurasa mmoja, usiku mmoja wa kukesha, shilingi chache katika bahasha ya nauli. Jumuiya zetu zikutanapo juma hili, naomba kila moja iulize: katika vijiji vyetu ni mtoto gani aliye hospitalini sasa, na tarehe yake ya kurudi kwa daktari ni lini? Andikeni tarehe hiyo kwanza. Kikapu mtakijaza baadaye.